Unajenga Mtwara au Lindi? Kisome kiwanja chako kabla hujanunua ramani

KusiniMjenzi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa ajili ya wanaotaka kujenga huku kwetu kusini, hasa waliopata viwanja vya mteremko: Mikindani, Mtanda pale Lindi, na kule Newala ukingoni. Nachora ramani na kusimamia ujenzi, na kuna jambo linaniuma kila ninapoliona. Mtu ananunua kiwanja kwa sababu ya mandhari yake: bahari inaonekana, mwembe mkubwa upo, upepo unapita. Kazi ya kwanza anayofanya ni kuita greda. Miti inang'olewa, mteremko unakatwa, kifusi kinamwagwa upande wa chini mpaka kiwanja kinakuwa bapa. Halafu inaletwa ramani ya mtandaoni ambayo aliyeichora hakujua kama nyumba itasimama Mtwara, Dodoma au Njombe. Nyumba ikiisha, kile kilichomfanya anunue hakipo tena, na feni inazunguka mchana na usiku.

Hoja yangu ni moja: kiwanja ndicho kinachopaswa kuiamua nyumba.

Duniani kuna wasanifu walioishikilia hoja hii maisha yao yote, na wanauita usanifu oganiki. Aliyeutangaza sana ni Mmarekani Frank Lloyd Wright, aliyeishi kati ya 1867 na 1959. Yeye hakutaka nyumba ikae juu ya kilima kama kitu kilichotuliwa pale; alitaka iwe sehemu ya kilima. Nyumba yake inayotajwa zaidi ni Fallingwater, kule Pennsylvania, aliyoichora mwaka 1935 kwa familia ya Kaufmann. Familia ilitarajia nyumba itakayotazama maporomoko ya maji. Wright akaiweka juu ya maporomoko yenyewe, mawe ya kuta yakachimbwa palepale, na mwamba uliokuwepo akauacha utokeze sakafuni sebuleni, mbele ya meko.

Lakini huku kusini tusijione wageni wa jambo hili. Nenda Kilwa Kisiwani usimame Husuni Kubwa. Jumba lile lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, kwenye ulimi wa mwamba ulio juu ya bahari. Waashi hawakuusawazisha ulimi ule. Jumba limenyooka kufuata urefu wake, nyua nyingine zimezama chini ya usawa wa vyumba, lina birika la pembe nane, na ngazi zinashuka kuelekea ufukweni. Mawe yake ni matumbawe ya pwani hiyohiyo, na chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Hata vyumba vya nyumba za mawe za pwani kuwa vyembamba kuna sababu: boriti ya mkoko ina urefu wake, na fundi hakuweza kupanua chumba kuliko boriti itakavyofika. Ukipita mitaa ya zamani ya Mikindani bado unayaona hayo kwenye kuta zilizobomoka nusu, boriti zimejitokeza juu, nyembamba, zimepangwa karibukaribu.

Sasa kusoma kiwanja ni nini? Naanza na jua, kwa sababu hilo halina ubishi.

Mtwara mjini na Lindi mjini tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana linasimama utosini mara mbili tu kwa mwaka, karibu na Februari 22 na Oktoba 20. Katikati hapo, kwa miezi nane, jua la mchana liko upande wa kaskazini wa nyumba yako. Desemba linasogea kusini kidogo tu. Mwezi linapolala zaidi ni Juni, kiasi cha nyuzi 34 kutoka utosini. Hesabu yake ni nyepesi: kama sehemu ya chini ya dirisha iko mita 1.5 chini ya ukingo wa paa, upenu wa mita 1 unalikinga dirisha zima na jua la adhuhuri la Juni. Kwa upande wa kusini, sentimita 40 zinatosha kwa jua la Desemba, ingawa kwa ajili ya mvua utataka zaidi ya hapo. Mashariki na magharibi upenu haukuokoi, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri linaingia likiwa chini.

Kwa hiyo nyumba ya huku inafaa iwe ndefu na nyembamba, mgongo wa paa ulale mashariki kwenda magharibi. Magharibi weka stoo, bafu, ngazi, kitu chochote ambacho hakilaliwi.

Na tuna bahati, maana upepo unakubaliana na mpangilio huohuo. Kusi inatoka kusini-mashariki, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na inaupiga ukuta mrefu wa kusini kwa mshazari. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, Novemba hadi Machi, na inaupiga ukuta mrefu wa upande wa pili. Chumba chenye madirisha pande zote mbili kinapitiwa na hewa mwaka mzima. Ramani nyingi zinazouzwa zina korido katikati na vyumba huku na huku. Chumba kina dirisha moja. Upepo uingie wapi na utokee wapi?

Nitaendelea na maji na mteremko. Karibuni kwa maswali.

---

Dogo wa Ligula

Mkuu umeeleza vizuri, ila tuongee ukweli. Kujenga kwa vitu vya palepale huku kwetu maana yake ni nyumba za udongo na makuti. Ndizo tulizokulia, na wazee wetu wamehangaika kutuondoa humo. Leo saruji inatoka hapahapa, kiwanda cha Dangote kinafanya kazi tangu 2015. Kwa nini nirudi kwenye tope? Mtu akipita akaona nimekandika ukuta atajua nimekwama kimaisha.

---

KusiniMjenzi

Mdogo wangu, swali lako ni la haki na wengi wanalo moyoni. Mimi sipingi saruji. Natumia saruji kila wiki. Ninachopinga ni kuimwaga pale ambapo haina kazi na kuibania pale inapotakiwa.

Kuhusu heshima ya udongo: kuna msanifu anaitwa Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alipotaka kujengea kijiji chake shule ya msingi kwa matofali ya udongo, wanakijiji walisita kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja. Kwao udongo ulikuwa kitu cha masikini na kinacholiwa na mvua. Akachanganya udongo na saruji kidogo, matofali yakashindiliwa, juu akaweka dari ya matofali yenye matundu, na juu yake tena bati lililoinuliwa kwa chuma ili hewa ipite kati ya dari na bati. Shule ilikamilika 2001. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu duniani, na ni Mwafrika wa kwanza kuipata.

Hapa Tanzania Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) wamekuwa wakifundisha matofali ya kufungamana kwa miaka mingi. Udongo mwekundu wenye mchanga wa kutosha, saruji kidogo, mashine ya mkono, hakuna kuni. Matofali hayo hayahitaji ripu. Ukuta unabaki na rangi ya udongo wa kiwanja chako, na hapo ndipo nyumba inapoanza kufanana na mahali ilipo.

Ila naomba tutofautishe jambo moja, kwa sababu watu wanaiga picha bila kuangalia hali ya hewa. Ukuta mnene wa udongo unafanya kazi nzuri sana Burkina, au Misri alikojenga Hassan Fathy, kwa sababu kule mchana ni moto mkali na usiku unapoa. Ukuta unanyonya joto mchana, unalitoa usiku hewa ikiwa baridi. Pwani yetu usiku haupoi vya kutosha na hewa ina unyevu. Ukuta mnene bila upepo unakulaza na joto la mchana. Kwa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, Kilwa, upepo kwanza, unene baadaye. Newala na Tandahimba ni habari nyingine, kule juu jioni kunapoa na ukuta mnene unalipa.

---

Mhudumu wa Kijiji

Naunga mkono hilo la upepo. Huku vijijini Mtwara kuna zile nyumba 110 za mradi wa Star Homes zilizojengwa kwa ajili ya utafiti wa afya. Ni za ghorofa moja, nyembamba, vyumba vya kulala viko juu, na kuta zimefunikwa wavu kiasi kwamba hewa inapita lakini mbu hapiti. Milango inajifunga yenyewe. Zinavuna maji ya paa na zina choo. Watoto wanaoishi humo wameugua malaria na kuharisha kidogo kuliko wa nyumba za kawaida zilizolinganishwa nazo. Kwa hiyo suala la hewa si la starehe tu. Mtu akiona joto usiku hafungi dirisha wala hashushi chandarua.

---

KusiniMjenzi

Asante sana, ndugu. Umegusa kitu ambacho wachora ramani wengi hawakifikirii kabisa. Mbu wanaokuja usiku wanaruka zaidi karibu na ardhi, na kulala juu kunakusogeza kwenye upepo pia. Kwenye kiwanja cha mteremko unapata hiyo ghorofa karibu bila gharama, maana upande wa chini wa nyumba tayari uko juu ya ardhi.

---

MamaMikindani

Habari za humu. Mimi nina kiwanja Mikindani, kinashuka kuelekea ghuba, na kuna mwembe mkubwa karibu katikati. Fundi ameniambia lazima tukate kilima na kujaza chini ndipo aseti msingi. Jirani alifanya hivyo na nyumba ina ufa kutoka dirishani mpaka chini. Naogopa. Nifanyeje?

---

KusiniMjenzi

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla. Nitalijibu hili kwa urefu, kwa sababu ndiko fedha za watu zinakopotelea.

Ufa wa jirani yako nina hakika umefuata mstari fulani. Ukikata kilima na kujaza chini, unapata kiwanja kimoja kwa macho lakini ni ardhi mbili. Nusu ya juu ni udongo mgumu uliokaa pale tangu enzi. Nusu ya chini ni kifusi. Kifusi hata ukikishindilia kitaendelea kushuka, na mvua za masika zikikilowesha kinashuka zaidi. Msingi unaopita juu ya ardhi hizo mbili unavunjika pale zinapokutana. Hakuna nondo ya bei ya kawaida itakayozuia hilo.

Kuna pagale moja maeneo ya huko ambalo ningependa kila mwenye kiwanja cha mteremko akalitazame. Nyuma yake kuna ukingo mwekundu uliokatwa wima, mrefu kuliko mtu. Mizizi ya mikorosho iliyokatwa inaning'inia hewani. Kila mvua inaporomosha udongo kidogo, na udongo huo umelala kwenye ukuta wa nyuma mpaka usawa wa dirisha. Bloku za chini zimelowa na zimeota ukungu wa kijani. Mbele, kwenye kifusi, lenta imeachana na ukuta, unapitisha vidole. Mwenyewe amesimamisha kazi. Maji hufuata mkondo, na mkondo ulikuwa ukipita palepale kabla ya nyumba.

Unachotakiwa kufanya ni kuifanya nyumba ishuke pamoja na ardhi. Gawanya sakafu mbili au tatu. Sebule na varanda juu, ngazi tatu nne chini kuna vyumba. Msingi unachimbwa kwa vipande, kila kipande kikae kwenye udongo mgumu, kishuke kama ngazi. Au upande wa chini simamisha nguzo za zege zinazofika kwenye udongo mgumu, na chini yake acha wazi, maji ya mvua yapite bila kukugusa. Geoffrey Bawa, msanifu wa Sri Lanka, alifanya hivyo kwa hoteli nzima pale Kandalama miaka ya 1990: jengo limeambaa na jabali, miamba imeachwa ndani kwenye njia za kupita watu, na mimea imeachwa itambae juu ya nguzo na paa mpaka ukiwa mbali unaona msitu tu. Sri Lanka ni kisiwa chenye joto na unyevu kama pwani yetu, kwa hiyo kwangu mimi Bawa ana mengi ya kutufundisha kuliko Wright.

Lakini kwanza pima. Usiogope, huhitaji mtambo. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 15 au 20, ujaze maji na uhakikishe hakuna mapovu. Fundi wako anao, anautumia kusawazisha kozi za matofali. Watu wawili, kila mmoja na kijiti chenye alama za sentimita. Mmoja anasimama juu kwenye kona ya kiwanja, mwingine anashuka. Maji kwenye ncha zote mbili yako usawa mmoja siku zote. Ukisoma juu sentimita 20 na chini sentimita 140, umejua ardhi imeshuka sentimita 120 kati ya pale ulipo na alipo mwenzako. Weka kigingi, endelea. Ukimaliza utakuwa na picha ya kiwanja chako ambayo muuza ramani hana.

Mwembe usiuguse. Pima mwisho wa matawi yake pande zote, na msingi uwe nje ya duara hilo. Mizizi mikubwa itapona, na majani hayataziba mifereji ya paa. Mwembe ukiwa magharibi ya mahali unapotaka kujenga ni zawadi, unakukinga na jua la saa kumi.

---

Newala_Juu

Mkuu, wenzenu huku uwandani shida yetu ni maji. Mteremko tunao, ukingo wote unatazama Ruvuma, lakini kiangazi ndoo ni mali. Nyumba za namna hii zinasaidiaje?

---

KusiniMjenzi

Hapo paa ndilo chanzo chako cha maji, na lazima lichorwe hivyo tangu mwanzo.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua moja nzuri ya milimita 50 limekupa lita 5,000. Familia ya watu 5, kila mtu lita 20 kwa siku, inahitaji lita 18,000 kwa miezi sita ya kiangazi. Mvua nne tano kubwa zinajaza hiyo, ukiwa na mahali pa kuweka. Tatizo la watu wengi si mvua, ni tenki dogo na paa lenye mikunjo mingi. Paa la migongo kumi linapendeza barabarani, lakini kila bonde ni mahali pa kuvuja na mfereji wa ziada wa kununua. Paa la mteremko mmoja au miwili linakusanya maji yote kwenye mfereji mmoja au miwili.

Na kwa kuwa kiwanja chako kinashuka, chimba kisima cha kuhifadhia upande wa juu wa bustani, chini ya usawa wa paa. Maji yataingia yenyewe na yatatoka yenyewe kwenda kwenye mboga, bila pampu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa kisima funika kwa wavu.

---

Nahodha Mstaafu

Vijana, nasoma kwa makini. Nina mawili.

La kwanza ni tufani. Sisi wa Lindi wazee wetu walitusimulia kimbunga cha Aprili 1952 kilichotua hapa mjini. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilikatisha Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mtwara watu waliambiwa wahame mabondeni. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja na mafuriko, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga. Wewe unasema upenu mpana. Upepo wa namna ile unaanza kunyanyua upenu.

La pili, umesifu matumbawe. Nimevua bahari hii maisha yangu yote. Nimeona watu wakivunja matumbawe hai kwa mitaimbo na kuyachoma tanuri kwa magogo ili wapate chokaa. Mahali palipovunjwa samaki hawarudi, na wimbi linafika ufukweni likiwa na nguvu zote. Usije ukawatia watu moyo wa kurudia hayo.

---

KusiniMjenzi

Shikamoo mzee wangu. Yote mawili nayapokea, na la pili naliweka mbele.

Kitu kutoka mahali fulani si lazima kiwe chema kwa mahali hapo. Matumbawe hai yasiguswe, na mikoko isikatwe bila kibali. Ndiyo inayoshikilia fukwe zetu na ndiko samaki wanakozalia. Mawe ya zamani ya nchi kavu, yale yanayotoka wakati wa kuchimba msingi wenyewe, hayo tumia. Msingi wa mawe hayo, uliopanda kama sentimita 45 juu ya ardhi, unazuia matone ya mvua yanayoruka kutoka chini kulowesha ukuta wa udongo. Vilevile sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Nyumba kama Fallingwater hapa kwetu isingepata kibali, na naona sheria iko sahihi. Nyumba ile yenyewe iliwagharimu wenyewe mara nne na zaidi ya makadirio ya mwanzo, na sakafu zake zinazoning'inia zilianza kulala mapema, mpaka 2002 zikafungwa upya kwa nyaya za chuma.

Kuhusu tufani. Mzee umesema kweli, upenu ndio unaonyanyuliwa kwanza. Dawa ni kutenganisha. Paa kuu liishie na upenu wa wastani, na varanda iwe na paa lake la chini yake, limejishikiza peke yake. Upepo ukichukua la varanda, nyumba inabaki na paa. Paa la pande nne linapitisha upepo vizuri kuliko lenye kuta za pembetatu mwishoni. Na kabla ya kumwaga zege la lenta, chomeka nondo nyembamba zitokeze juu, kila kenchi ifungwe kwa nondo yake. Misumari peke yake haitoshi. Kazi hiyo inachukua muda mfupi sana na mafundi wengi wanairuka kwa sababu mwenye nyumba hajui kuiulizia.

Makuti kwa pwani ni mazuri, hayana kelele ya mvua na hayapitishi joto kama bati. Lakini yawe makuti ya viungo, yale yanayoshonwa kwenye kijiti, yabanwe karibukaribu, na paa lisimame nyuzi 45. Paa lililolala makuti yanaoza haraka sana. Mimi kwa kawaida nashauri makuti kwenye varanda na jiko la nje, bati kwenye nyumba yenyewe ili uvune maji.

---

Dogo wa Ligula

Sawa mkuu, nimeanza kuelewa. Je, mchwa? Huku mbao haikai.

---

KusiniMjenzi

Mbao isiguse ardhi, hata kidogo. Nguzo ya mbao ikae kwenye kiatu cha chuma kilichozikwa kwenye zege, pawe na nafasi ya kupitisha kiganja kati ya mbao na sakafu. Mchwa hatembei kwenye mwanga, anajenga kijia chake cha udongo, chembamba kama penseli, kikipanda kwenye msingi. Msingi wako wa mawe ukiwa wazi, bila maua yaliyoegemea wala matofali yaliyopangwa pembeni, utakiona kijia hicho mapema na kukivunja. Oili chafu naomba tuiache. Inaingia kwenye udongo na kwenye kisima, na mchwa anapita pembeni yake.

---

MamaMikindani

Nashukuru sana kaka. Nimepima na mwanangu kwa mpira wa maji kama ulivyosema. Kutoka barabarani hadi mpaka wa chini, mita 24, kiwanja kinashuka mita 3 na kidogo. Mwembe uko karibu na mpaka wa magharibi kuliko nilivyodhani. Barabara iko juu, upande wa kusini. Ghuba iko chini, kaskazini. Fundi sasa anauliza aanzie wapi, na choo kikae wapi.

---

KusiniMjenzi

Dada hicho ni kiwanja kizuri sana. Kinashuka kwenda kaskazini, kwa hiyo nyumba yako ndefu inalala mashariki–magharibi, inakatisha mteremko, na mtazamo wa ghuba na upenu wa mita 1 viko upande mmoja. Kushuka mita 3 kwa mita 24 ni sentimita 12 au 13 kwa kila mita. Nyumba yenye upana wa mita 6 itapata tofauti ya sentimita 75, yaani ngazi tano za sentimita 15. Sakafu mbili tu zinatosha: ya juu ya kupikia na kulia, ya chini ya kulala na varanda. Hakuna sababu ya greda.

Mwambie fundi aanze na mtaro kabla ya msingi. Uchimbwe upande wa barabara, juu ya nyumba, ukinge maji yote yanayotoka barabarani na kuyapeleka mashariki, mbali na mwembe na mbali na varanda. Kingo zake apande nyasi za vetiva, mizizi yake inashuka chini mita kadhaa na kushika udongo. Mtaro upite msimu mmoja wa mvua kama una subira hiyo. Utakuonyesha maji yanapotaka kupita.

Bafu na choo weka kona ya magharibi, kati ya vyumba na mwembe. Karo, yaani shimo la majitaka, liwe chini, kaskazini-magharibi, lakini nje ya duara la matawi, na kama una jirani mwenye kisima upande wa chini ongea naye kabla hujachimba. Choo kikiwa magharibi, kusi na kaskazi zote zinapeleka harufu nje ya nyumba.

Vipimo vya kila kigingi viweke hapa, pamoja na umbali wa shina la mwembe hadi mpaka. Nitakuchorea mistari ya mwinuko na mahali pa kukata msingi, uende navyo halmashauri kuombea kibali.